Unamtaka, halafu unamkimbia: mwongozo kamili kwa anayeogopa kukataliwa na anayeogopa kutulia na mtu

Anayeogopa kukataliwa na anayeogopa kutulia na mtu mmoja huonekana kama watu wawili wasiofanana hata kidogo. Wa kwanza anampenda mtu kimyakimya miezi na miezi, anafungua kila status yake ndani ya dakika moja, na hasemi neno. Wa pili ni mwepesi: anatongoza bila kigugumizi, anapiga simu asubuhi na usiku, halafu siku mwenzake anapouliza "hivi mimi na wewe ni nani?" ghafla anakuwa na kazi nyingi.

Ukiwachunguza, wote wawili wanakwepa jambo lilelile. Asiyesema hawezi kuambiwa hapana, na anayewahi kuondoka hawezi kuachwa. Si ajabu hata ukakuta ni mtu yuleyule: ujanani alikuwa bubu mbele ya aliyempenda, akapigwa kibuti mara moja kwa aibu, na tangu hapo akawa mtu wa kuwahi mlango. Ndiyo maana nazishughulikia hofu hizi mbili kwa pamoja. Msimamo wangu ni kwamba usisubiri woga uishe ndipo utende. Hauishi kwa kusubiriwa. Hupungua ukishatenda, tena kwa vitendo vidogo ulivyovipanga mwenyewe.

Kwanza ujue kinachotokea ndani yako

Daktari wa akili Mwingereza John Bowlby alieleza kwamba mtoto huzaliwa na haja ya kushikamana na mlezi, na kwamba namna mlezi anavyomjibu humfundisha atarajie nini kwa watu. Mary Ainsworth, aliyefanya naye kazi, aliwachunguza watoto wa karibu mwaka mmoja walipoachwa na mama kwa dakika chache, kisha mama akarudi. Wapo waliolia, wakabebwa, wakatulia. Wapo waliong'ang'ania huku wamekasirika. Na wapo waliogeuza uso kana kwamba mama hakuwa ameondoka. Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver walionyesha kwamba mielekeo inayofanana na hiyo huonekana kwa watu wazima wanapopendana: kuna anayejisikia salama, kuna anayehofia kuachwa muda wote, na kuna anayebanwa pumzi mtu akimsogelea. Baadaye, mwaka 1991, Kim Bartholomew na Leonard Horowitz wakaeleza kundi la nne, la wanaoutaka ukaribu na kuuogopa kwa wakati mmoja. Huenda baadhi ya wanaosoma mwongozo wa namna hii wamo humo.

Hayo usiyachukue kama hukumu ya maisha. Mwelekeo wa mtu hubadilika, hasa akikaa muda mrefu na mwenzi asiyemtisha. Sipendi pia mtindo wa siku hizi wa kujipachika jina la kundi kisha kulitumia kama kinga: "mimi ndivyo nilivyo, nivumilie tu."

Kuna jambo jingine lenye uzito zaidi kwa kazi tunayoifanya. Mwaka 1996 Geraldine Downey na Scott Feldman waliandika kuhusu watu wanaotarajia kukataliwa, wanaoona kukataliwa upesi mahali ambapo wengine hawaoni, na wanaoitikia kwa kishindo. Mpenzi amejibu kwa mkato kwa sababu yuko kazini. Wao wanasoma kwamba ameshachoka nao. Wananuna, wanashambulia au wanampotezea. Mwenzao naye kweli anaanza kuchoka. Hapo woga umejitengenezea ushahidi wake wenyewe, na mwenye woga anasema "nilijua tu."

Hatua ya 1: Andika ulichofanya

Chukua daftari. Usiandike hisia kwanza, maana hisia zina maneno mengi na zinajitetea vizuri. Andika matukio. Kwa kila mtu uliyempenda au uliyeanza naye uhusiano, jibu: tulifika wapi? Nini kilitokea katika wiki iliyotangulia kabla sijarudi nyuma au kunyamaza? Nilifanya nini hasa? Nilijiambia sababu gani?

Ukifika kwa mtu wa pili au wa tatu, utaanza kuona mahali unapokwama, na mara nyingi ni palepale kila mara. Mwingine hukwama kabla ya kusema neno la kwanza. Mwingine hukwama baada ya kulala pamoja, mwingine siku anapotakiwa kwenda kuonana na ndugu wa mwenzake, mwingine linapotajwa neno ndoa. Zitupie tarehe jicho kali kuliko sababu. Kama uligundua kwamba mwenzako anacheka vibaya, hana malengo na mavazi yake hayakupendezi, na yote hayo uliyagundua siku mbili baada ya yeye kukuambia anakupenda, basi tatizo halikuwa kicheko chake.

Hatua ya 2: Tenganisha woga na tahadhari

Hii ndiyo hatua ninayoiona nzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi. Si kila anayesita ana tatizo la kutibiwa. Wakati mwingine moyo unasita kwa sababu umeona jambo.

Kipimo cha kwanza ni kujiuliza kusita kwako kunafuata nini. Woga hufuata ukaribu: mmekaa vizuri, mmecheka, ameonyesha kukuthamini, na kesho yake unataka kukimbia. Tahadhari hufuata tabia: amekudanganya, amekutukana mbele za watu, anakagua simu yako, anakukataza kuonana na ndugu zako, anakushikia fedha zako, amekupiga. Ikiwa ni haya ya mwisho, funga mwongozo huu. Hutakiwi kuushinda woga wako hapo. Unatakiwa kuusikiliza, na kumwambia mtu unayemwamini kinachoendelea kabla hujafanya jambo lingine.

Kipimo cha pili: jiulize kama ungesita hivyohivyo kwa mtu mwingine yeyote mkifika hatua hii. Kama jibu ni ndiyo, na daftari linathibitisha, basi umebeba jambo lako mwenyewe. Kama umewahi kutulia na wengine bila shida ila huyu tu ndiye anayekukosesha usingizi, mwangalie yeye.

Halafu kuna jibu la tatu ambalo watu huona aibu kulitamka: humpendi. Ni mwema, familia inamkubali, kila mtu anakusukuma, lakini humpendi. Huo si woga. Na yupo pia asiyetaka kabisa kuishi na mwenzi, akawa hana kidonda chochote kinachomsumbua. Anachodaiwa ni kusema mapema, ili mwenzake asipoteze miaka akingoja abadilike.

Hatua ya 3: Lipunguze neno "hapana" hadi saizi yake

Maumivu ya kukataliwa si ya kujitakia. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger, Matthew Lieberman na Kipling Williams waliwapima watu ubongo huku wakicheza mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira, kisha wachezaji wengine wakaacha kuwarushia. Sehemu ya ubongo ambayo hufanya kazi mtu anapoumia mwilini nayo iliamka. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu maana kamili ya matokeo yale, ila inatosha kumnyamazisha anayekuambia "acha utoto, ni mchezo tu."

Kinachoongeza maumivu ni tafsiri. Hapana ya mtu mmoja, katika siku moja ya maisha yake, unaigeuza kuwa hukumu ya thamani yako yote. Jizoeze kuandika sentensi mbili, moja ya kilichotokea na moja ya ulichojiambia. "Amesema hayuko tayari kwa uhusiano" ni tukio. "Hakuna atakayenipenda" ni hadithi uliyoitunga njiani kurudi nyumbani. Kisha tafuta sababu nyingine tatu zinazoweza kueleza tukio lile: ana mtu, ametoka kutendwa, havutiwi na mtu wa aina yako kama wewe usivyovutiwa na watu kadhaa walio wema kabisa.

Weka na hili kwenye mizani. Thomas Gilovich na Victoria Medvec, mwaka 1994, waligundua kwamba kwa muda mfupi watu hujutia zaidi walichofanya, lakini wakitazama nyuma maishani hujutia zaidi ambacho hawakufanya. Aibu ya kukataliwa ni kali na fupi. Kujiuliza "ingekuwaje?" kunaweza kukaa na mtu miaka.

Hatua ya 4: Zoea kwa ngazi

Albert Ellis, mwanasaikolojia wa Marekani, alisimulia kwamba akiwa na umri wa miaka 19 aliogopa sana kuzungumza na wanawake. Akajipa kazi: kwa mwezi mmoja, kila atakapomwona mwanamke amekaa peke yake kwenye benchi katika bustani ya mimea ya Bronx huko New York, akae na kuanza mazungumzo ndani ya dakika moja. Kwa hesabu yake aliwaendea 130. Thelathini waliinuka wakaondoka. Akazungumza na 100. Mmoja tu alikubali kukutana naye tena, na hakutokea. Ellis alisema alichopata ni kuona kwamba hakuna aliyemdhuru, wala hakuna aliyeita polisi, na woga wake ulikwisha.

Nachukua kanuni yake, siyo mbinu yake. Kuwafuata watu wasiokujua waliokaa peke yao ni kero, na mazoezi yako hayapaswa kulipwa na utulivu wa mtu mwingine. Tengeneza ngazi yako kuanzia kitu kinachokutia wasiwasi kidogo tu. Mwambie rafiki hukubaliani naye. Omba msaada kwa mtu anayeweza kukataa. Msifu mtu unayefahamiana naye kwa jambo alilolifanya vizuri, bila kutarajia kitu. Mwalike mwenzako wa kazini au wa masomo mle pamoja. Kisha, juu kabisa ya ngazi, ni yule unayempenda. Rudia kila daraja mpaka likuchoshe, ukilichoka umelimaliza.

Kuna ujanja mmoja unaoharibu zoezi lote, nao ni kuacha mlango wa uani wazi. Unatuma ujumbe kisha unaufuta. Unasema "natania tu bwana" kabla hajajibu. Unamtuma rafiki apeleleze. Kila ukifanya hivyo mwili wako unajifunza kwamba uliokoka kwa sababu ulikimbia, na mara ijayo woga unakuja na nguvu zaidi.

Hatua ya 5: Sema

Acha kutupa mawe gizani. Kuweka nyimbo za mapenzi kwenye status ukitumaini ataelewa si kusema. Wala usimwandikie waraka mrefu usiku wa manane kuhusu miaka miwili ya kumpenda kwa siri; unamtwika mzigo ambao hakujua kama upo. Zungumza naye ana kwa ana au kwa simu, muwe mmeshazoeana kidogo, mahali ambapo anaweza kuondoka bila tabu. Kifupi:

"Nafurahia sana tukiwa pamoja. Ningependa tutoke Jumamosi, na simaanishi kirafiki tu. Kama wewe huoni hivyo niambie, nitaelewa."

Ukisha sema, nyamaza. Usijaze ukimya wake kwa kujieleza.

Akisema ndiyo, mpange siku hapohapo. Akisema hapana, jibu ni "asante kwa kuniambia wazi," na mazungumzo yahamie kwingine au yaishe. Usimuulize umemkosea nini, usimpe orodha ya sifa zako, usirudi baada ya wiki kujaribu tena kwa lugha nyingine. Wapo waliolelewa kuamini kwamba hapana ya kwanza ni maringo na mwanamume hasa ni yule asiyekata tamaa. Imani hiyo imewatesa wanawake wengi na kuwafedhehesha wanaume wengi. Hapana ichukue kama ilivyo.

"Nipe muda" ndilo jibu gumu. Uliza mara moja tu: "Sawa, tuzungumze tena lini?" Akitaja siku, ngoja mpaka siku hiyo. Asipotaja, au siku ikapita kimya, umeshajibiwa, na unaweza kuendelea na maisha yako bila kumdai ufafanuzi.

Baada ya hapana, siku chache za mwanzo acha kuangalia status zake, usisome upya mliyoandikiana, mwambie mtu mmoja unayemwamini, kula na ulale kwa wakati. Usimkimbilie mtu wa kuzibia pengo. Ukiona unawaza kujidhuru au kumdhuru yeye, usikae peke yako na wazo hilo: mpigie ndugu au rafiki saa hiyohiyo, au nenda kituo cha afya.

Hatua ya 6: Kwa anayeogopa kutulia

Huku kukataliwa si tatizo. Tatizo ni kukubaliwa. Anza kwa kutaja unachoogopa kukipoteza, kwa jina lake. "Naogopa kujifunga" ni maneno mapana mno kufanyiwa kazi. Je, ni muda wa kuwa peke yako? Marafiki? Fedha zako? Masomo? Au unaogopa kuishi ndoa kama ya wazazi wako? Ukishayataja moja moja, utaona kwamba mengi yanaweza kujadiliwa. Anayehitaji jioni mbili za peke yake kila wiki anaweza kuziomba. Asiyeziomba atazipora kwa kutopokea simu, na mwenzake atajiona anatupwa.

Mwanasaikolojia Caryl Rusbult, mwaka 1980, alieleza kwamba uamuzi wa kubaki hautokani na kuridhika peke yake. Unategemea pia mtu anavyoona nafasi alizonazo nje, na kiasi alichokwisha weka ndani ya uhusiano. Ndiyo maana mtu anaweza kumpenda mwenzake kwa dhati na bado mguu mmoja uko nje: anaendelea kuchati na watu watatu "wa akiba", na hajaweka chochote kinachouma kukiacha. Huwezi kujua kama unaweza kutulia wakati hujawahi kuujaribu utulivu wenyewe.

Kwa hiyo jaribu kwa muda unaojulikana. Zungumzeni, mkubaliane miezi mitatu, kwa mfano, ambamo wewe utafanya mambo haya: huchati na mtu mwingine kimapenzi, mnakuwa na siku yenu moja kila wiki ambayo haivunjwi kwa uvivu, na kukitokea ugomvi hupotei. Mwisho wa muda huo mnakaa na kuamua. Angalia kwamba kinachojaribiwa ni uwepo wako, siyo mwenzako; asijisikie yuko kwenye usaili. Na muamue kweli. Scott Stanley na wenzake, mwaka 2006, waliandika kuhusu wapenzi wanaoteleza kutoka hatua moja hadi nyingine bila kuamua: leo ameacha mswaki, kesho nguo, baada ya mwaka wanaishi pamoja na hakuna aliyewahi kusema anataka. Mwoga wa kutulia hupenda sana kuteleza, kwa sababu aliyeteleza anaweza kudai siku moja kwamba hakuahidi kitu.

Hatua ya 7: Mwambie mwenzako, bila kuufanya woga kuwa kisingizio

Mwambie mkiwa mmetulia, siyo katikati ya ugomvi. "Kuna kitu nataka ukijue kuhusu mimi. Tukikaribiana sana huwa napata wasiwasi na natamani kujitenga. Si kwamba nimekuchoka. Nikihisi hivyo nitakuambia nahitaji siku moja, na nitarudi siku niliyosema." Uzito wa maneno hayo uko kwenye sehemu ya mwisho. Mtu anayeomba nafasi na kutaja saa ya kurudi anapumzika. Anayezima simu siku nne anaadhibu.

Kwenye ugomvi tumia kanuni hiyohiyo. John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miongo kadhaa, aliona kwamba mapigo ya moyo yakipita takriban 100 kwa dakika, mtu hawezi tena kusikiliza vizuri. Pendekezo lake ni kupumzika angalau dakika 20. Katika dakika hizo usitunge hotuba ya kumshinda. Tembea, oga, sikiliza muziki. Kisha urudi, maana usiporudi uliyeomba mapumziko utakuwa umekimbia tu.

Na wewe uliye upande wa pili, unayempenda mtu mwenye woga, una kazi mbili. Acha kumkimbiza: ukituma jumbe kumi na tano za "uko wapi, nimekukosea nini," unampa sababu ya kwenda mbali zaidi, naye akienda mbali wewe unazidi kukimbiza. Tuma moja: "Nimeona umenyamaza. Nipo, tuongee kesho jioni." Kazi ya pili ni kujiwekea mpaka, na kumwambia mpaka huo ukiwa na utulivu: "Nakupenda, na nataka mwenzi. Nitangoja mpaka mwisho wa miezi tuliyokubaliana, sitangoja bila mwisho." Ukisema hivyo uwe unamaanisha. Mtu anayetishia kuondoka kila mwezi na haondoki hufundisha kwamba maneno yake hayana uzito.

Tarajia pia woga urudi. Umetulia vizuri mwaka mzima, halafu ile wiki ya kujitambulisha kwa wazazi, kuhamia nyumba moja au kuvishana pete, unaamka usiku ukihesabu kasoro zake. Kurudi huko hakumaanishi ulikosea kuchagua. Pima tena kwa vipimo vya hatua ya pili, mwambie mwenzako kabla hajagundua mwenyewe, na usifanye uamuzi wowote mkubwa ndani ya siku hizo.

Wakati wa kutafuta mtaalamu

Kama umejaribu haya kwa miezi kadhaa na unakwama palepale, au kama woga umetokana na kupigwa, kubakwa au kutelekezwa, usiendelee peke yako na daftari. Tafuta mwanasaikolojia au mshauri aliyesomea kazi hiyo. Kuna tiba inayofanyia kazi fikra na vitendo, inayofaa sana kwa woga wa kukataliwa, na kuna tiba ya wenzi inayolenga hisia, iliyoasisiwa na Sue Johnson na Leslie Greenberg katika miaka ya 1980, inayofaa kwa wanaokimbizana na kukimbiana. Kiongozi wa dini au mzee wa familia anaweza kusaidia pia, mradi awe mtu anayetunza siri na asiye na haraka ya kuwaozesha. Siku ya kwanza muulize mtaalamu amesomea wapi, anafanyaje kazi, mtaonana mara ngapi na anatoza kiasi gani. Ikifika mara ya nne au ya tano bado hujui mnafanyia kazi nini, muulize waziwazi. Jibu lisipoeleweka, tafuta mwingine.